Kampala, Aprili 1979: Mlango wa Mashariki Ulioachwa Wazi

Barabara ya Jinja inatoka Kampala kuelekea mashariki, inapita Nakawa, inaingia msitu wa Mabira, na baada ya kilomita 80 hivi inafika Owen Falls, kwenye bwawa lililokuwa likifua umeme wa Uganda wakati huo. Asubuhi ya Aprili 10, 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo walikuwa wameukabili mji kutoka kusini, magharibi na kaskazini. Mashariki hawakuweka hata kizuizi kimoja. Askari walikuwepo wa kutosha, na hakuna kamanda aliyepitiwa. Njia iliachwa wazi kwa makusudi, na uamuzi ulitoka juu kabisa, kwa Mwalimu Nyerere.

Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitoka kwa barabara hiyohiyo. Ndiyo maana hadi leo watu wanabishana kama ule ulikuwa ujanja au uzembe. Ukikaa na kisa chote mezani, jibu linajitokeza lenyewe: mlango ule uliiokoa Kampala isigeuke kifusi, na bei yake ililipwa na watu wa mashariki na kaskazini mwa Uganda. Kosa kubwa la operesheni halikuwa hapo. Lilikuwa asubuhi ya Aprili 11, mji uliposhikwa na ikawa hakuna aliyepangiwa kuuendesha.

Kutwaliwa huko kwa Kampala huitwa "ukombozi". Kuhusu neno hilo: Waganda waliwaita askari wa Tanzania bakombozi, yaani wakombozi waliovishwa kiambishi cha Kiganda. Kampala kwa jina ilikuwa bado na serikali yake. Lakini kufikia Aprili jeshi la Amin lilikuwa limeanza kumomonyoka, na mzigo mzito wa ulinzi ulibebwa na askari wa Libya waliotumwa na Muammar Gaddafi, zaidi ya 2,000. Kwa hiyo waliokuwa wakiulinda mji kwa dhati walikuwa wageni wasiojua hata kitongoji cha Nateete kiko upande gani.

Walivyofika hapo

Sehemu hii inajulikana, tuipite haraka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. JWTZ ikavuka kwa daraja la vyuma la kuunganisha, likakomboa Kagera mwezi huohuo, likaingia Mutukula, mpakani, Januari 1979 na kuitwaa Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari.

Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilivimba hadi zaidi ya 100,000 kwa kuita mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza. Watu hao walitakiwa kula, kuvaa na kupata risasi mwisho wa njia inayoanzia Dar es Salaam: reli ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Mwanza, halafu meli kuvuka ziwa hadi Bukoba, halafu malori. Malori ya watu binafsi yalichukuliwa na serikali kwa kazi hiyo. Kila kilomita mbele ya Mutukula iliongeza urefu wa kamba hiyo ya ugavi, na hilo ndilo lililoamua mwendo wa vita kuliko ujasiri wa mtu yeyote.

Masaka inahitaji mstari wake, kwa sababu ndiyo iliyoizaa Kampala ya Aprili. Mji ule ulipigwa mizinga, na baada ya kutwaliwa majengo mengi yakabomolewa kwa kisasi cha yaliyotendwa Kagera. Mbarara nayo ilipata lake. Nyerere hakupendezwa. Aliagiza kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe. Agizo hilo lilipofika kwa makamanda lilimaanisha kitu kimoja cha kivitendo: Kampala haitavunjwa kwanza ili iingiwe baadaye.

Lukaya, kilomita 25 za lami

Anayetaka kuelewa kwa nini Kampala ilianguka kwa siku mbili aanzie Lukaya, mwezi mmoja kabla. Kutoka Masaka kwenda Kampala barabara inapita kwenye tuta katikati ya kinamasi kwa karibu kilomita 25. Kulia mafunjo, kushoto mafunjo. Kifaru kikitoka kwenye lami kinazama. Lori likiharibika linaziba njia kwa wote walio nyuma. Na kama tuta lingelipuliwa, safari ya Kampala ingesimama kwa miezi. Kwa hiyo lengo la JWTZ halikuwa Lukaya mji; lilikuwa kulifikia tuta likiwa zima.

Machi 10 Brigedi ya 201 ya Brigedia Imran Kombe, iliyojaa mgambo ambao wengi walikuwa hawajaonja vita, ilikutana hapo na Walibya wapatao 1,000 na Waganda, wakiwa na vifaru vya T-55 zaidi ya kumi na magari ya kurushia roketi aina ya BM-21. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa na kuanguka nyuma. Hazikuua wengi. Lakini BM-21 ina mitutu 40 na huimaliza yote kwa sekunde 20 hivi, na mtu ambaye hajawahi kuisikia haulizi imeangukia wapi. Brigedi ikavunjika, watu wakatawanyika kwenye mafunjo na kurudi njia ya Masaka.

Hapo adui alikuwa ameshinda, na hapo ndipo alipoharibu. Masaka ilikuwa mbele yake na mlangoni hapakuwa na jeshi lililosimama sawasawa. Badala ya kufukuzia, Walibya na Waganda walisimama Lukaya wapange mambo yao. Saa walizopoteza Meja Jenerali David Msuguri, kamanda wa Divisheni ya 20, alizitumia mara mbili: aliikusanya 201 upya mbele yao, na akaiagiza Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa, iliyokuwa kama kilomita 60 kaskazini magharibi, igeuze njia na kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya Machi 11 Brigedi ya 208 ilikuwa imeshafika. Walibya wakajikuta wanapigwa kutoka pande mbili, huku kinamasi kikiwazuia kutawanyika. Zaidi ya Walibya 200 waliuawa. Luteni Kanali Godwin Sule, aliyekuwa akiongoza upande wa Uganda, alifia hapo.

Kilichofuata ni cha kisaikolojia zaidi kuliko cha kijeshi, lakini hesabu yake ni ya kijeshi. Jeshi la Uganda, lililoingia vitani na askari wapatao 20,000, liliacha kupigana kama jeshi. Lilipigana njiani, ndani ya magari, na likisikia limezungukwa linapakia na kuondoka. Watanzania walitembea kwa miguu porini, pembeni ya barabara, wakatokea mahali wasipotarajiwa. Askari wa Amin waliipa roketi ya BM-21 ya Tanzania jina la saba saba. Silaha yako ikishapata jina la utani kinywani mwa adui, umeshafika nusu ya njia.

Jambo moja ambalo wanaoandika vita hii kwa Kiingereza huligusa kwa juujuu: majeshi yote mawili yalizungumza Kiswahili. Lugha ya amri ya jeshi la Uganda ilikuwa hiyohiyo. Mateka na aliyemteka hawakuhitaji mkalimani, na askari aliyesikika akiita gizani hakujulikana ni wa nani mpaka ajibu vizuri. Walibya ndio waliokuwa viziwi katikati ya mazungumzo hayo.

Entebbe kwanza

Mwisho wa Machi JWTZ ilikuwa Mpigi, kilomita 37 hivi kutoka Kampala. Kishawishi kilikuwa kwenda moja kwa moja. Barabara ipo, adui anakimbia, askari wamechoka na wanataka kumaliza. Msuguri aligeuza macho kulia kwanza.

Kutoka kwenye vilima vya Mpigi rasi ya Entebbe inaonekana ng'ambo ya maji, pamoja na uwanja wa ndege. Ndege za Libya zilikuwa zikitua na kuruka. Ukiingia Kampala huku Entebbe iko wazi, unaacha mambo matatu mgongoni: njia ya kuleta askari wapya kutoka Tripoli kila usiku, kikosi cha Walibya kinachoweza kukupiga ubavuni, na Ikulu ya Entebbe yenye Amin ndani. Mizinga ilianza kuipiga Ikulu kidogokidogo, siku baada ya siku. Haikukusudiwa kubomoa jengo. Ilikusudiwa kumfanya aliyemo ahisi yuko ndani ya kipimo. Amin aliondoka kwa helikopta kwenda Kampala.

Aprili 7 Brigedi ya 208 iliingia Entebbe. Ndege kubwa ya mizigo ya Libya aina ya C-130 ilipigwa ikiwa kwenye njia ya kurukia. Walibya waliojaribu kuponea kwa magari kwenye barabara ya Kampala waliviziwa. Kwa upande wa Libya ndiyo siku iliyokuwa mbaya kuliko zote za vita hiyo: zaidi ya 300 walikufa.

Gaddafi alikuwa ameshajaribu njia nyingine kabla ya hapo. Alimtaka Nyerere aondoe majeshi ndani ya saa 24, na alipopuuzwa ndege yake moja aina ya Tupolev Tu-22 ikatumwa kupiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Watu wa Mwanza waliliongelea kwa muda mrefu, na si kwa woga.

Ubaya wa siku ya Entebbe ndio ulioufungua mlango wa mashariki. Nyerere hakutaka kisa cha pili cha namna ile ndani ya jiji. Walibya waliobaki Kampala, kama wangezibiwa pande zote nne, wangelazimika kupigana nyumba kwa nyumba, na kila maiti ingekuwa hoja ya Gaddafi kuleta wengine na hoja ya mataifa mengine kuingilia. Afadhali waende Jinja, kwenye uwanja wa ndege wa huko, wapande ndege kwao.

Mji unavyopigwa kwa vilima vyake

Kampala imekaa juu ya vilima, na kila kilima kina kitu: kanisa kuu la Rubaga, kanisa kuu la Namirembe, Mengo yenye Lubiri na Bulange, Kibuli yenye msikiti, Nakasero na Kololo zenye serikali na wakubwa. Kati ya kilima na kilima kuna bonde, na mabonde mengi ni majimaji. Aprili ni masika. Magari hayana chaguo zaidi ya lami, na lami zinazoingia mjini kutoka magharibi na kusini ni mbili za maana: ya Masaka, inayopita Busega na Nateete, na ya Entebbe, inayopanda hadi Kibuye.

Mwenye macho juu ya Rubaga anaona kila kinachotoka Nateete. Mwenye Mengo ana barabara ya Entebbe chini yake. Kwa hiyo Kampala haiingiwi barabarani. Inaingiwa kwa kupanda kilima cha kwanza kwa miguu, kukishika, kisha kuyaita magari yapite chini. Jeshi linalofanya kinyume, likatanguliza vifaru bondeni, linapigwa kutoka juu pande zote mbili. Somo la Lukaya lilihusu hilohilo, isipokuwa huku badala ya mafunjo kuna mabati.

Amri iligawanywa hivi. Brigedi ya 208 itoke kusini, kwa njia ya Entebbe. Brigedi ya 207 ya Brigedia John Walden, pamoja na batalioni ya Waganda, itoke magharibi. Brigedi ya 201, ileile iliyotawanyika Lukaya, izunguke kaskazini na kuweka vizuizi kwenye barabara huko, hasa ya Bombo. Bombo, kilomita 35 hivi, ilikuwa ngome ya Wanubi wa jeshi la Amin, na pia mwanzo wa njia ya kwenda nyumbani kwake West Nile. Kaskazini kukazibwa, mashariki kukaachwa. Ukitazama ramani unaona kwamba mlango haukuachwa popote tu: uliachwa upande ambao Mlibya angeweza kuutumia kwenda uwanja wa ndege, na ukafungwa upande ambao askari wa Amin angeupenda kwenda kwao.

Batalioni ya Waganda haikuwekwa kwa mapambo. Mpango wa mwanzo wa Nyerere ulikuwa Kampala itwaliwe na Waganda wenyewe, JWTZ ikiwa nyuma. Mwishoni mwa Machi mkutano wa Moshi uliunda umoja wa vyama vya uhamishoni na kumchagua Yusuf Lule awe mwenyekiti, na Kikosi Maalum cha Tito Okello na David Oyite-Ojok pamoja na makundi mengine yakaitwa jeshi moja. Lakini jeshi hilo lilikuwa dogo mno kwa kazi ya jiji zima. Hivyo Watanzania wakabeba mji, na Waganda wakatunziwa kitu kimoja ambacho hakuna mgeni aliyefaa kukifanya. Tutakifikia.

Mizinga ilizuiwa, na sababu ni ya kiufundi kama ilivyo ya kisiasa. BM-21 hufika kilomita 20, lakini hailengi dirisha; inalenga eneo. Roketi 40 zinatawanyika kwenye eneo la ukubwa wa mtaa mzima. Lukaya, kwenye kinamasi kitupu, hiyo ni nguvu. Katwe au Ndeeba, penye vyumba vya matofali na mabati vilivyobanana, ni mauaji ya watu waliokuwa wanakusubiri. Kwa hiyo mizinga ilibaki kwa mahali palipoonekana adui amejichimbia, na kazi iliyobaki ikawa ya askari wa miguu mwenye SMG, kombora la begani na mota ndogo.

Siku mbili

Mashambulizi yalianza Aprili 10 na upinzani mzito ulikuwa upande wa Rubaga. Kwingine palikuwa na milio ya hapa na pale: kundi dogo la askari, deraya moja lililoachwa linatoa moshi, mtunguaji mmoja juu ya ghorofa. Mwendo hata hivyo ulikuwa wa polepole. Askari waliozoea pori waliitazama kila nyumba kama mahali pa kuviziwa, na hawakukosea kufikiri hivyo. Ni mapema mno kujua jeshi limekimbia mpaka umeshalipita.

Matatizo yaliyowachelewesha hayakuwa yale ya vitabuni. La kwanza ni ramani. Ramani za jiji zilikuwa chache, na ramani ya kijeshi inayofaa kwa pori haikuambii barabara gani ya Mengo inatokea wapi. Kikosi kikiambiwa "shika redio" kinahitaji kujua mlango, kona na jengo la jirani. Waganda waliokuwemo na wenyeji waliojitokeza njiani ndio waliokuwa ramani.

La pili ni wenyeji haohao. Watu walitoka majumbani risasi zikiwa bado zinalia. Walishangilia, walikumbatia askari, walifuata nyuma kwa mamia. Kwa askari hiyo ni furaha na pia ni balaa: mstari wa kufyatulia unazibwa na watu, adui anaweza kujichanganya, na platuni inayotakiwa kuruka kona kwa kona inatembea katikati ya maandamano. Huwezi kumpiga mkwara bibi anayekushika mkono akilia.

La tatu ni sare. Askari wengi wa Amin walivua magwanda, wakavaa shati la raia na kutokomea. Barabara zilikuwa na buti na kofia zilizotupwa. Kwa kushinda haraka ni jambo zuri. Kwa usalama wa wiki zinazofuata ni sumu, maana bunduki hazikutupwa zote.

Katika Buganda, Kiswahili kilikuwa kimeharibiwa jina. Miaka minane ya Amin kilikuwa lugha ya anayekusimamisha kizuizini na anayegonga mlango usiku. Aprili 11 kikaingia mjini kinazungumzwa na watu waliosalimia wazee kwa shikamoo na kuita kila mtu ndugu. Dukani, sokoni, kwenye kona ya Wandegeya, watu walikisikia kikitamkwa kwa sauti nyingine. Hilo halikudumu sana, lakini siku hiyo lilikuwa na uzito kuliko kifaru.

Luteni Kanali Ben Msuya na batalioni yake ya 19 ndio waliofika katikati ya mji. Shabaha zilikuwa chache na zilichaguliwa vizuri: redio, makao makuu ya jeshi yaliyokuwa Bulange na kuitwa Republic House, na majengo ya serikali Nakasero. Huko Nakasero, kwenye ofisi za State Research Bureau, shirika la upelelezi la Amin, askari walikuta walichochelewa kukizuia. Walinzi kabla ya kukimbia walikuwa wameua wafungwa kwenye mahabusu, wakitumia hata mabomu ya kurusha kwa mkono. Mafaili yalikuwa yametapakaa sakafuni.

Na hapo kwenye redio ndipo kazi ya Waganda ilipokuja. Aliyetangaza Aprili 11 kwamba serikali ya Amin imeanguka hakuwa Mtanzania. Alikuwa Luteni Kanali David Oyite-Ojok. Mji ulitwaliwa na jeshi la nchi jirani, lakini sauti iliyosikika Kenya, Sudan na kwenye balozi za nje ilikuwa ya ofisa wa Uganda. Ikumbukwe kwamba sheria za Umoja wa Nchi Huru za Afrika hazikuruhusu nchi moja kuiangusha serikali ya nyingine, na Nyerere alijua atakuja kuulizwa. Kipaza sauti kile kilikuwa na thamani ya brigedi.

Asubuhi isiyopangwa

Mpaka hapa operesheni ina sifa. Kuanzia hapa haina.

Mpango ulijibu vizuri swali la kuingia. Swali la nani anafungua kituo cha polisi saa mbili asubuhi halikuwa na mwenyewe. Polisi wa Amin walikuwa wamekimbia au wamejificha. Lule alikuwa bado Dar es Salaam. Aliapishwa Aprili 13. Kati ya siku hizo, mwenye mamlaka pekee mjini alikuwa Luteni Kanali Msuya, kamanda wa batalioni, ambaye kwa siku tatu hivi alijikuta, bila kuombwa wala kufundishwa, akiongoza mji mkuu wa nchi isiyo yake.

Uporaji ulianza kabla shangwe haijaisha. Madukani, kwenye maghala, benki, ofisi za wizara. Watu walibeba magodoro, mashine za kuandikia, viti, magunia ya sukari, vyuma vya dirisha. Mafaili ya serikali yalimwagwa ili kabati libebwe. Baadhi ya askari nao walijichukulia. Wengi wao walikuwa mgambo waliotembea mamia ya kilomita, na aliyekuwa hajamiliki hata saa ya mkononi aliiona mezani haina mwenyewe. Wakubwa walijaribu kuzuia, lakini batalioni moja haiwezi kulinda kila duka la jiji huku ikisaka watunguaji.

Hesabu rahisi inaonyesha pengo. Batalioni ya miguu ina askari kama 700. Toa wanaolinda makao, majeruhi, mateka, mawasiliano na chakula. Unabaki na labda 450. Wagawe zamu tatu ili wapate kulala, ni 150 kwa wakati mmoja. Doria ya mji haitembei chini ya watu wanne. Umepata doria 37 kwa katikati ya jiji lenye mamia ya maduka, na hakuna hata moja inayojua wapi mali ya nani. Kazi hiyo inahitaji watu wa aina nyingine waliowekwa tayari Mpigi siku tatu kabla: polisi wa kijeshi, Waganda wenye kuvaa utepe mkononi wa kuwatambulisha, orodha ya majengo 20 ya kulindwa kwanza (benki kuu, hospitali ya Mulago, mitambo ya maji, ofisi za ardhi, kumbukumbu za serikali), na tangazo la redio la amri ya kutotembea usiku lililokwisha andikwa. Hakuna lililo gumu hapo. Polisi wa Tanzania walikuwa vitani tayari, kwa maelfu, wakitumika kama askari wa miguu.

Kwa nini halikufanywa? Sehemu ya jibu ni kwamba Nyerere hakutaka kuonekana anatawala Uganda. Kuandaa utawala wa kijeshi wa Kampala, hata wa siku kumi, kungethibitisha maneno ya waliosema Tanzania imevamia. Kwa hiyo utawala uliachwa kwa Waganda, na Waganda walikuwa na umoja wa wiki mbili tu tangu Moshi. Lule mwenyewe hakumaliza Juni. Aliondolewa baada ya siku 68.

Bei ya mlango

Walibya walifanya walichotarajiwa: walikusanya walichoweza na kwenda Jinja. Hakukuwa na mapigano makubwa ya mwisho ndani ya Kampala, na makanisa mawili, msikiti wa Kibuli, Mulago na Makerere vilibaki vimesimama. Ukilinganisha na Masaka, tofauti iko machoni.

Lakini mlango haubagui. Ulipita Mlibya anayetaka kwenda kwao, ukapita pia askari wa Amin mwenye bunduki na hasira, na ukampitisha Amin mwenyewe hadi Jinja, kisha kaskazini, kisha Libya na hatimaye Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003. Askari waliorudi nyuma kuelekea Jinja, Tororo na kaskazini walipora na kuua raia njiani. Vita haikwisha Aprili 11. Iliendelea hadi Juni 3, JWTZ ilipofika mpaka wa Sudan.

Je, kizuizi Nakawa kingeizuia hasara hiyo? Kingeihamisha. Maelfu ya watu wenye silaha, wakijua hakuna pa kutokea, wangebaki Kololo na Nakasero ndani ya nyumba za mawe. JWTZ ingelazimika kuitumia mizinga iliyoambiwa isiitumie. Paka uliyemfungia chumbani hakuulizi kama ulitaka kumwachilia kesho. Kilichokosekana ni kikosi cha kufukuzia: brigedi moja iliyo safi, yenye magari, iliyosubiri upande wa kaskazini mashariki ili mara Walibya wapite ifuate kwa umbali wa saa chache, isiwape askari wa Amin nafasi ya kukaa kwenye mji wowote. Brigedi hiyo haikuwepo. Askari walikuwa wametembea tangu Januari, magari yalikuwa machache, na kamba ya kutoka Mwanza ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Hesabu inayonukuliwa zaidi ya waliokufa upande wa Tanzania ni askari 373 kwa vita nzima, na kati yao 96 tu ndio waliouawa kwenye mapigano. Wengine ni ajali na maradhi. Hiyo nayo inakuonyesha jeshi lilikuwa limechoka kwa nini.

Kutoka Kampala hadi Owen Falls ni kilomita 80, na zilichukua siku 11. Hofu kubwa ilikuwa bwawa. Barabara yenyewe ilipita juu yake, mitambo yake ililisha Uganda, na sehemu ya umeme wake ilikuwa ikiuzwa Kenya. Baruti kidogo mahali panapofaa zingeifanya Aprili 1979 ikumbukwe kwa giza. Aprili 22 JWTZ ilifika Jinja. Walibya walikuwa wameshaondoka, na bwawa lilikutwa zima.